Boksi la Kujitengenezea Si Ulaghai

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wacheza gemu, hasa gemu za kupigana kama Street Fighter na Tekken, kwamba kidhibiti halali ni kile kilichotoka kiwandani na nembo ya kampuni. Kijana akifika mezani na boksi la mbao alilolitoboa mwenyewe, vitufe vimejipanga juu yake na fimbo ya kuongozea haipo, watu hunong'ona. Wengine hawanong'oni, humwambia waziwazi kwamba amekuja kuiba ushindi. Nimeona mchezaji akitakiwa kuchomoa boksi lake kabla hata hajabonyeza kitu, na aliyemtaka afanye hivyo hakuuliza swali lolote kuhusu lilivyotengenezwa. Aliliangalia tu.

Imani hiyo naipinga yote, mizizi na matawi. Ulaghai hauhusiani na nani aliyekata mbao wala vitufe viko wapi. Unahusu jambo moja tu: je, kila tendo la mhusika kwenye skrini limetoka kwenye kidole cha mchezaji, au kuna programu iliyoamua badala yake? Kwa kipimo hicho maboksi mengi ya kujitengenezea ni safi, na baadhi ya vifaa vya kiwandani vinavyouzwa kwa bei kubwa ndivyo vilivyochafua mashindano.

Nianze na mila, maana ndiyo silaha wanayoikimbilia kwanza. Wanasema gemu hizi zilizaliwa na fimbo, kwa hiyo anayeiondoa fimbo ameuacha mchezo wenyewe. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1979 Atari ilitoa Asteroids, moja ya mashine za sarafu zilizopendwa kuliko zote Marekani, na haikuwa na fimbo. Ilikuwa na vitufe vitano: cha kugeuza chombo kushoto, cha kukigeuza kulia, cha kukisukuma mbele, cha kufyatua risasi, na cha kukirusha ghafla mahali pengine angani. Defender ya kampuni ya Williams, iliyoingia kumbini mwaka 1981, ilikuwa na fimbo ya kwenda juu na chini tu; ukitaka kugeuka urudi ulikotoka, kulikuwa na kitufe cha kazi hiyo. Street Fighter ya kwanza kabisa, ile ya mwaka 1987, kwenye mashine yake kubwa iliwekewa pedi mbili za mpira, moja ya ngumi na nyingine ya mateke, na uzito wa pigo ulitegemea nguvu ya mkono wako juu ya mpira. Mpango huo haukudumu. Vitufe sita ambavyo leo watu huviona kama urithi mtakatifu vilikuja kuziba pengo la pedi zile, kisha Street Fighter II ikavisambaza duniani mwaka 1991. Hata msalaba mdogo wa kidole gumba ulioko kwenye pedi za nyumbani ulibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo kwa ajili ya Donkey Kong ya mkononi ya mwaka 1982, kwa sababu kwenye kifaa kile chembamba kinachokunjwa fimbo isingekaa.

Kila hatua kati ya hizo ilikuwa mtu anayelitazama tatizo la mkono na mashine na kulitafutia jibu. Anayesema tusimame hapa, kwenye umbo alilolikuta yeye akiwa mtoto, hatetei mila. Anatetea utoto wake.

Sasa tuifungue fimbo yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoitetea hawajawahi kuona kilichomo ndani yake. Chukua ile ya Sanwa ya Japani iitwayo JLF, ambayo imo ndani ya vidhibiti vingi vya bei kubwa. Igeuze juu chini, uondoe bamba la chini linaloizuia isipite mipaka, uangalie. Utakuta mpini wa chuma, springi moja, na maikroswichi nne zimeuzunguka mpini pande nne. Ukisukuma kichwa cha fimbo upande mmoja, mguu wake unaelekea upande wa pili na kubonyeza swichi iliyoko huko. Ukisukuma mshazari, unabonyeza swichi mbili kwa pamoja. Hakuna siri nyingine humo. Kompyuta haijui kama kuna fimbo wala haijali. Inachokijua ni kwamba waya wa upande fulani umegusana na waya wa hasi, basi mhusika atembee.

Fimbo ya aina hiyo ni vitufe vinne vinavyobonyezwa na mpini mmoja. Anayejenga boksi lisilo na fimbo amevitoa vile vinne chini ya mpini na kuviweka moja kwa moja chini ya vidole: kushoto, chini na kulia kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na cha kuruka kwa kidole gumba. Umeme ni uleule. Ujumbe unaokwenda kwenye kompyuta ni uleule, herufi kwa herufi. Aliyeona haki kwenye swichi nne zilizofichwa anatakiwa atueleze haki hiyo inapotea wapi swichi nne zinapotokeza juani.

Nieleze na ujenzi, kwa sababu hofu nyingi hukua mahali ambapo kazi haijulikani. Unahitaji boksi, liwe la mbao za MDF, la plastiki ngumu au la bati. Unatoboa matundu, kwa kawaida ya milimita 24 kwa vitufe vingi na moja la milimita 30 kwa kitufe cha kuruka. Kila kitufe kina miguu miwili. Mguu mmoja unapata waya wake unaokwenda kwenye pini ya bodi. Mguu wa pili unaungwa kwenye waya mmoja wa hasi unaopita kutoka kitufe hadi kitufe kama mkufu. Vitufe vya Sanwa hupokea vishikio vya waya vya milimita 2.8, kwa hiyo hata asiyejua kulehemu anaweza kuvichomeka na kuvichomoa kwa mkono. Bodi yenyewe kwa wajenzi wengi siku hizi ni Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa bei ya dola 4, yenye pini 26 za kuingizia na kutolea ishara. Unaichomeka kwenye kompyuta huku umekibonyeza kitufe chake kidogo, inajitokeza kama flashi, unaitupia faili moja ya programu iitwayo GP2040-CE, na kuanzia hapo kompyuta inaiona kama kidhibiti cha kawaida. Jioni moja inatosha kwa mtu mwenye subira na kekee nzuri. Kazi kubwa ni kutoboa matundu bila kupasua ubao.

Huwa naambiwa kwamba kifaa cha namna hiyo lazima kichelewe au kiwahi kupita kiasi, kwamba hakina nidhamu ya kiwanda. Gemu nyingi za kupigana huenda fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu hukaa takriban milisekunde 16.7. Pico iliyowekewa programu ile huweza kuiarifu kompyuta hali ya vitufe mara 1,000 kwa sekunde. Kidole cha binadamu ndicho kinachochelewa hapo. Zipo bodi za bei ya chini mno ambazo ni dhaifu kweli, na mjenzi makini huziepuka, lakini udhaifu wake humwadhibu anayezitumia, haumwibii mpinzani kitu. Na tukizungumzia nidhamu ya kiwanda, waliowahi kuendesha mashindano ya PlayStation wanalijua tatizo la pedi zisizotumia waya: mchezaji aliyemaliza mechi yake anaondoka na pedi iliyobaki imeunganishwa na mashine, anaigusa akiwa kwenye kiti cha nyuma, mechi ya watu wengine inasimama katikati ya raundi. Boksi lenye waya halijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Hoja yenye uzito wanayo moja, nami nitaikabili kama ilivyo. Kwenye fimbo mtu hawezi kusukuma kushoto na kulia kwa wakati mmoja, chuma hakikubali. Kwenye vitufe anaweza. Ana kidole hapa na kidole pale, na akivibonyeza vyote viwili lazima mtu au kitu kiamue mhusika aende wapi. Uamuzi huo unafanywa na programu iliyomo kwenye bodi, na hapo ndipo mlango wa ulaghai ulipo. Programu inaweza kuamua kwamba pande mbili zikigongana zinafutana, mhusika anasimama. Inaweza kuamua kwamba kilichobonyezwa mwisho kinashinda. Inaweza kuamua kwamba cha kwanza kinashinda. Maamuzi haya hayalingani kwa uzito, na mfano wa Guile, mmoja wa wapiganaji wa Street Fighter, unaonyesha kwa nini. Ili Guile arushe pigo lake la Sonic Boom, mchezaji anashikilia nyuma kwa muda, halafu anabonyeza mbele pamoja na ngumi. Kushikilia nyuma ndiko kunakomkinga, kwa hiyo gharama ya pigo lake ni ule muda mfupi anaouachia ulinzi. Kama bodi inasema kilichobonyezwa mwisho kinashinda, mchezaji anaacha kidole chake nyuma kikae palepale, anagusa mbele, pigo linatoka, na akinyanyua kidole cha mbele ulinzi umesharudi wenyewe bila yeye kufanya chochote. Hapo kweli kuna kitu kimefanywa na mashine.

Lakini tatizo hilo linajulikana kwa jina na kwa umbo, na limeshapata dawa. Mwaka 2019 ulizuka mzozo mkubwa pale Daigo Umehara, pengine mchezaji mashuhuri kuliko wote wa Street Fighter, alipotokea na boksi la vitufe lililoundwa kwa namna ya pekee na likazuiwa kwenye mashindano. Wakati ule kanuni hazikuwa wazi, na kila upande ulikuwa na sababu ya kulalamika. Kufikia mwaka 2023, mwaka uliotoka Street Fighter 6, Capcom, kampuni yenye gemu hiyo, ilikuwa imelieleza jambo lenyewe ndani ya kanuni za mashindano yake ya Capcom Pro Tour: kifaa hakiruhusiwi kuchagua mshindi kati ya kushoto na kulia vinapobonyezwa pamoja. Kanuni ikaishia kwenye tabia ya ishara. Haikusema boksi lazima litoke kiwandani. Haikusema lazima kuwe na fimbo. Wenye gemu yao, wenye kila sababu ya kulinda mashindano ambayo fainali yake ya mwaka 2024 ilimpa mshindi dola milioni 1, waliona hilo linatosha. Mwandaaji wa mashindano ya ukumbi wa mtaani anayekataa boksi kwa kulitazama sura amejipa mamlaka ambayo mwenye gemu hakuyahitaji.

Na ule ulaghai wa kweli, ule wa mashine kuamua badala ya kidole, ulifika kwa watu wengi kwa njia gani? Wachezaji waliandika amri zao za kompyuta za kufuta pande zinazogongana tangu zamani, sikatai. Lakini jambo lililolazimisha kanuni kubadilishwa lilitoka kiwandani. Julai 2024 Razer, moja ya kampuni kubwa za vifaa vya gemu duniani, iliweka kwenye kibodi zake uwezo iliouita Snap Tap. Katika Counter-Strike, mchezaji anayekimbia kushoto hubidi aachie kitufe cha kushoto na kugusa cha kulia kwa wakati barabara ili mwili usimame na risasi iende panapotakiwa. Ustadi huo watu huusomea kwa miaka. Snap Tap ilimfanyia mchezaji nusu ya kazi: kitufe kipya kikiguswa, cha zamani kinafutwa hata kama kidole bado kimekikandamiza. Watengenezaji wengine wa kibodi wakawa na uwezo kama huo. Tarehe 19 Agosti mwaka huohuo Valve, kampuni yenye Counter-Strike, ilitangaza kwamba vifaa vya namna hiyo havikubaliki kwenye seva zake rasmi na kwamba anayegunduliwa ataondolewa kwenye mechi. Hakukuwa na fundi wa gereji kwenye kisa hicho. Kulikuwa na boksi zuri la kadibodi, nembo, dhamana na risiti ya duka.

Nataka watu waitafakari hoja hiyo, kwa sababu inaugeuza ubishi wote. Wanaodai nembo ya kampuni ni uthibitisho wa usafi wanategemea imani tu, maana programu iliyomo ndani ya kidhibiti cha kiwandani mara nyingi imefungwa. Huwezi kuisoma, na sasisho moja la usiku linaweza kubadilisha tabia yake bila wewe kujua. GP2040-CE iko wazi. Kila mstari wake unaweza kusomwa na yeyote, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuikagua, kuibadilisha na kuisambaza. Ukurasa wa mipangilio unafunguka kwenye kivinjari cha kawaida na unaonyesha bodi imeamriwa ifanye nini pande mbili zikigongana. Kama hofu yetu ni kutojua kilichomo ndani, basi tumeelekeza kidole kwa mtu asiyestahili. Mwenye boksi la mbao anaweza kulifungua mbele yako kwa bisibisi.

Wapo wanaokubali yote haya halafu wakasema: hata hivyo, vitufe ni vyepesi mno, mtu anafika kushoto hadi kulia upesi kuliko fimbo, na huo ni upendeleo. Ni kweli kwamba mpini wa fimbo lazima upite katikati ndipo ufike upande wa pili, na kidole hakina safari hiyo. Ni kweli pia kwamba kuna mizunguko ambayo fimbo huifanya kwa wepesi wa kifundo cha mkono huku mwenye vitufe akilazimika kubonyeza kwa vidole vinne kwa mfuatano sahihi. Kila umbo lina pato na gharama. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya Evo huko Las Vegas, Mfaransa anayejulikana kama Luffy alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV akitumia pedi ya PlayStation ya kwanza, kifaa cha karne iliyopita, mbele ya ukumbi uliojaa fimbo za bei kubwa. Hakuna aliyesema pedi ile ipigwe marufuku. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2004, Daigo alimzuia mpinzani wake Justin Wong teke baada ya teke kwenye Street Fighter III: 3rd Strike akiwa amebakiza uhai wa mguso mmoja tu, akasukuma mbele kwa wakati wake kila pigo lilipofika. Mtazame tena uone kama kuna umbo la kidhibiti ambalo lingemfanyia kazi ile. Umbo halijui pigo litafika lini. Anayejua ni aliyeketi.

Tena anayehamia kwenye vitufe hulipa ada yake. Miezi ya mwanzo anapoteza mechi dhidi ya watu aliokuwa akiwafunga, mkono wake unataka kusukuma mpini usiokuwepo, kidole gumba kinasahau kwamba kuruka sasa ni kazi yake. Wengi hukata tamaa na kurudi walikotoka. Anayevumilia amejifunza lugha ya pili ya mikono, na kumwita mlaghai baada ya jasho hilo ni kumdhulumu.

Lipo jambo la mwili, na hapa sina subira kabisa na upande wa pili. Pedi ya kiwandani imechongwa kwa mtu mmoja wa kufikirika: mikono miwili, vidole kumi, gumba zenye nguvu, viungo visivyouma. Asiye hivyo ataumia au atajikunja. Mmarekani Mike Begum, aliyejulikana kwa jina la BrolyLegs, alizaliwa na maradhi yaliyokakamaza viungo vyake, na alicheza Street Fighter kwa mdomo na uso wake kwenye pedi ya kawaida, akimtumia mhusika Chun-Li kwa kiwango ambacho wengi wenye mikono mizima hawakukifikia, mpaka alipofariki mwaka 2024. Namheshimu bila kipimo. Lakini ushujaa wake haupaswi kuwa kiingilio kwa kila mlemavu anayetaka kucheza. Kampuni zenyewe zimelikubali hili: mwaka 2018 Microsoft ilitoa kidhibiti cha Xbox kwa ajili ya wenye ulemavu, na nyuma yake kuna matundu 19 ya kuchomekea vitufe, kanyagio na swichi za nje ambazo mchezaji anajichagulia na kujipangia. Sony ikafuata na cha kwake Desemba 2023. Vifaa hivyo maana yake ni nini kama si kukiri kwamba mchezaji ana haki ya kujipangia vitufe mahali mwili wake unapovifikia? Sasa mtu mwenye mkono mmoja, asiyeweza kuagiza kifaa hicho kutoka ng'ambo, akijichongea ubao wenye vitufe vikubwa upande wa mkono uliobaki, kanuni ya vya kiwandani tu inamtoa nje. Mwenye kanuni hiyo aisome mbele ya mtu huyo, amtazame machoni.

Kwetu Afrika Mashariki suala la bei linaufanya ubishi huu uwe mzito zaidi. Fimbo nzuri ya kiwandani au boksi la vitufe la chapa kubwa huuzwa kwa dola mia na zaidi huko linakotoka, kisha uongeze usafiri na ushuru, na aghalabu hulikuti dukani Nairobi wala Dar es Salaam. Ukisema cha kiwandani tu, umesema mwenye ndugu ng'ambo tu. Halafu tazama vibanda vya gemu ambako vijana wetu wanajifunza. Pedi zilizomo humo zimeshafunguliwa mara nyingi. Vijiti vyake vya gumba huanza kuvuta upande kwa sababu vipimo vya umeme vilivyo chini yake vimesagika, fundi anavitoa na kuweka vya pedi nyingine, mpira wa vitufe unabadilishwa, waya unaungwa upya. Pedi hiyo ina nembo ya Sony juu na viungo vya vifaa vitatu ndani. Ni ya kiwandani au ya kujitengenezea? Mwandaaji anayeikubali bila kuuliza na kulikataa boksi la mbao amepitisha hukumu juu ya plastiki ya nje.

Jembe letu huuzwa bila mpini. Mkulima hununua chuma, huenda kukata mti unaolingana na kimo chake, huuchonga mpaka viganja vyake vikubali, na hakuna jirani aliyewahi kudai kwamba mazao yake ni ya wizi kwa kuwa mpini haukutoka kiwandani. Sisi, kati ya watu wote, hatukupaswa kuhitaji kuelezwa kwamba chombo cha kazi humaliziwa mkononi mwa anayekitumia.

Na ujuzi upo. Anayebadilisha skrini za simu Barabara ya Luthuli, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, ana mkono thabiti kuliko wajenzi wengi wa vidhibiti ninaowafahamu. Kumpa michoro ya vitufe 12 na bodi moja ni kumpa kazi nyepesi. Seremala wa mtaa anaweza kutoboa tundu la milimita 24 kwa usahihi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia vijana kwamba jambo hili ni halali. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Lahore alitwaa ubingwa wa Tekken 7 kwenye Evo ya Japani na kisha kwenye Evo ya Las Vegas, akitokea kwenye kumbi za gemu za Pakistani ambazo mabingwa wa Japani na Korea hawakuwa wamezitilia maanani. Vipaji vya namna hiyo havisubiri kifaa cha kifahari, lakini vinaweza kuzimwa na kanuni ya kijinga mlangoni.

Cha kunishangaza ni kwamba watu haohao hulisifu boksi la vitufe likiwa kwenye gemu nyingine. Mtu akijenga paneli ya swichi za kupandisha, vinundu vya kuzungusha na taa ndogo kwa ajili ya kuendesha lori kwenye Euro Truck Simulator 2 au kurusha ndege ya kuigiza, huitwa fundi, na picha zake hupongezwa. Bodi yenye tabia ya joystiki kwenye Windows inaweza kubeba hadi vitufe 128, na wajenzi hao huvitumia vingi kweli. Kwenye mbio za magari za kuigiza ambako kuna mashindano na zawadi, dereva mwenye usukani aliouunga mwenyewe na boksi la swichi pembeni hachukuliwi kuwa mwizi. Kitufe cha kuwasha wipa hakimtishi mtu. Kitufe cha kutembea kulia kinawatisha, kwa sababu tu rafiki yao aliwafunga nacho.

Ninachowataka waandaaji wafanye ni kidogo. Waandike kwenye tangazo, kabla watu hawajalipa kiingilio, kwamba kitufe kimoja ni tendo moja, kwamba pande zinazogongana lazima zifutane, na kwamba hakuna mfuatano wa matendo uliorekodiwa ndani ya kifaa. Wasiandike neno lolote kuhusu nembo, mbao wala fimbo. Siku ya mashindano waweke kompyuta moja mlangoni, au wafungue chumba cha mazoezi cha gemu yenyewe chenye kuonyesha vitufe vinavyobonyezwa, na kila kidhibiti kipite hapo, cha kiwandani na cha nyumbani kwa foleni moja. Mchezaji anashikilia kushoto, anaongeza kulia. Mhusika akisimama, anapita. Anafanya hivyohivyo kwa juu na chini. Anagusa kila kitufe mara moja, na skrini ionyeshe tendo moja. Boksi lililokosea lisitupwe nje papo hapo: kwenye GP2040-CE mpangilio wa pande zinazogongana unaweza kubadilishwa kwa kubonyeza vitufe fulani kwa pamoja, bila hata kufungua kifuniko, kwa hiyo mwenye nalo apewe dakika chache arekebishe, apimwe tena, kisha aende kwenye kiti chake na mechi ianze.